Kwao Kuna Wazimu? Vinasaba, baipola na miaka ya korona mkoani Simiyu

Kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka zizini, familia nyingi za Bariadi, mkoani Simiyu, hufanya kwanza upelelezi wa kimyakimya. Mjomba atasafiri hadi Maswa kwa kisingizio cha kumjulia hali jamaa yake. Shangazi atazunguka gulioni Dutwa, akikawia kuchagua dagaa kuliko ilivyo kawaida yake, huku akidodosa. Wanataka kuujua ukoo ule. Una kifafa? Una ukoma? Hauna sifa ya uchawi? Swali la mwisho huulizwa kwa sauti ya chini zaidi. Kwao kuna wazimu?

Wazee wanaouliza hivyo hawabahatishi. Wamewahi kumwona babu aliyefungwa kamba kila baada ya miaka michache, kisha wakamwona mjukuu wake akipatwa na yaleyale. Walichokiona kwa macho, wanasayansi wamekipima kwa hesabu. Tafiti za mapacha zilizofanyika Ulaya na Marekani zinaonyesha kuwa kati ya asilimia 60 na 85 ya tofauti baina ya watu katika kuupata au kutoupata ugonjwa wa baipola hutokana na vinasaba. Ni maradhi machache ya akili yenye mizizi ya urithi mirefu kiasi hicho.

Utata unaanzia kwenye hukumu. Jibu likishapatikana, posa inarudishwa, na binti mwenye afya njema anabaki nyumbani akilipia maradhi ya shangazi yake. Familia yenye mgonjwa nayo inajifunza kumficha chumba cha uani. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa wakati korona ilipobisha hodi Machi 2020.

Ugonjwa wenye sura mbili

Lugha ya mtaani inazijua sura zote mbili za baipola, ila haikuwahi kuziunganisha. Katika sura ya kwanza, mtu anakesha siku tatu bila kuchoka, anaongea bila kituo, anapanga kuanzisha biashara nne kwa mpigo na kugawa pesa kwa asiowajua. Wengine hujiona wametumwa na Mungu. Majirani watasema amepandisha majini au amerogwa. Madaktari huiita hali hiyo mania.

Katika sura ya pili, mtu huyohuyo anashindwa hata kuoga. Wiki zinapita, wakati mwingine miezi, hana hamu ya chakula wala mazungumzo, na kifo kinamjia akilini kama pumziko. Hii ni sonona. Majirani waliomwona akikimbia huku na huko mwezi wa Juni watamwita mvivu mwezi wa Oktoba. Kati ya vipindi hivyo mara nyingi huwa mzima: analima, anafundisha, anaendesha bodaboda, anaimba kwaya.

Daktari Mjerumani, Emil Kraepelin, alizifunga sura hizo mbili katika jina moja mwaka 1899. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 40 walikuwa wakiishi na baipola mwaka 2019, sawa na takribani mtu mmoja kati ya 200. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.1 mkoani Simiyu. Ukiuchukua uwiano wa dunia jinsi ulivyo, unapata watu wapatao elfu kumi. Hayo ni makisio ya hesabu tu, na mkoa wenye watoto wengi kama huu unaweza kuwa na pungufu ya hapo, lakini yanatosha kuonyesha kwamba ukoo mkubwa usio na mgonjwa hata mmoja si jambo la kawaida sana.

Katika mkoa wa pamba, mania ina gharama yake ya pekee. Mkulima wa Itilima au Meatu hushika fedha nyingi mara moja kwa mwaka, kuanzia Mei, masoko ya ushirika yanapofunguliwa. Mgonjwa akipanda, yaani akiingia katika mania, ndani ya wiki hizo, jasho la miezi minane linaweza kuisha ndani ya siku tano: pikipiki iliyonunuliwa bila kupatana bei, bia kwa baa nzima, fedha za mbegu alizokopeshwa mpita njia. Sonona inapokuja baadaye, humkuta hana hata nauli ya kufuata dawa.

Si kama selimundu

Watu wa Kanda ya Ziwa wana somo la urithi walilolipata kwa uchungu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, wapatao 11,000 kila mwaka. Ualbino nao unafahamika, na kati ya miaka ya 2007 na 2009 watu wenye ualbino waliuawa katika mikoa hii kwa sababu ya imani za kishirikina, mauaji yaliyoitia nchi aibu mbele ya dunia.

Selimundu na ualbino vina kanuni moja nyepesi. Mtoto anaipata hali hiyo akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama. Akipata moja tu, huwa mbebaji asiye na dalili za ugonjwa. Mtu akishaielewa kanuni hiyo, ni rahisi kudhani kwamba kila kinachorithiwa kinafuata njia hiyohiyo.

Wanasayansi wenyewe walidhani hivyo. Mwaka 1987 kundi lililoongozwa na Janice Egeland lilitangaza katika jarida la Nature kwamba limeona eneo la baipola kwenye kromosomu ya 11, katika jamii ya Waamish wa Pennsylvania, Marekani. Waamish ni watu wa koo kubwa, wanaooana wenyewe kwa wenyewe na kutunza kumbukumbu za vizazi vyao. Habari ilizagaa. Miaka miwili baadaye ikavunjika: watu wawili katika ukoo uliochunguzwa, ambao hawakuwa na alama ile ya kromosomu, waliugua, na hesabu iliporudiwa pamoja na ndugu wengine, ushahidi ukayeyuka.

Kilichofuata ni kazi ya kuokota mbegu moja moja. Utafiti uliochapishwa na Nature Januari 2025, ukiwa na wagonjwa zaidi ya 158,000 na watu wasiougua milioni 2.8, uliorodhesha maeneo 298 ya vinasaba yanayohusiana na baipola. Kila moja lina mchango mdogo sana. Mtu anaweza kubeba mengi kati ya hayo asiugue maishani, na mwingine akabeba machache akaugua akiwa kidato cha tano.

Kwa hiyo mjomba aliyetumwa Maswa angerudi na hesabu ifuatayo. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja ana baipola, uwezekano wake wa kuugua ni kati ya asilimia 5 na 10. Ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa mtu asiye na historia hiyo. Lakini igeuze hesabu uisome kwa upande wa pili: kati ya watoto kumi wa mzazi mwenye baipola, tisa au zaidi hawaupati.

Damu ambayo haijasomwa

Kuna doa katika takwimu hizo zote, nalo linamgusa msomaji wa Bariadi moja kwa moja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ukiongozwa na Segun Fatumo, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi Uganda, ulionyesha kuwa asilimia 86 ya watu walioshiriki tafiti kubwa za vinasaba duniani wana asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 1.1.

Matokeo yake ni kama kupima kitambaa kwa rula ya fundi mwingine. Vipimo vinavyojumlisha maelfu ya vinasaba ili kukadiria hatari ya mtu kuugua, alama za urithi kama zinavyoitwa, vilibainika mwaka 2019 kuwa na usahihi pungufu kwa zaidi ya mara nne vinapotumiwa kwa Waafrika. Chanzo chake ni historia. Binadamu ametokea Afrika, na tofauti za vinasaba zilizomo barani humu ni nyingi kuliko kwingineko kote. Mwaka 2009 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha ramani ya vinasaba vya jamii 121 za Afrika. Miongoni mwao walikuwamo Wahadzabe, watu wa kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao huishi ndani ya Wilaya ya Meatu, hapahapa Simiyu.

Jitihada ya kuziba pengo hilo kwa magonjwa ya akili inaitwa NeuroGAP-Psychosis. Inaunganisha Chuo Kikuu cha Harvard na Taasisi ya Broad za Marekani na vyuo na vituo vya Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Ilipoanza kuandikisha watu mwaka 2018, lengo lilikuwa washiriki 34,000: nusu wenye baipola, skizofrenia na maradhi yanayofanana nayo, nusu wasiougua. Mshiriki hakutobolewa hata kidole, alitemea mate katika kichupa tu. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Eldoret na Kampala, vichupa hivyo vilijazwa na watu wanaoishi karibu na Simiyu kuliko walivyo karibu na Harvard.

Machi hadi Juni

Mgonjwa wa kwanza wa korona, yaani UVIKO-19, nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, msafiri aliyewasili kutokea Ubelgiji na kugundulika Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Vyuo vikuu na kidato cha sita walirudi darasani Juni Mosi, wengine tarehe 29 Juni.

Majirani walichukua njia kali zaidi. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi. Uganda ilisimamisha usafiri wa abiria, na mgonjwa aliyekuwa akifuata dawa Hospitali ya Butabika, Kampala, hakuwa tena na matatu wala bodaboda ya kumfikisha. Tanzania haikufunga mipaka ya mikoa wala masoko. Basi la Bariadi kwenda Mwanza kupitia Lamadi liliendelea kupakia abiria alfajiri. Rais John Magufuli alihimiza sala na kujifukiza, na harufu ya mwarobaini na mchaichai ikatanda katika nyua za watu.

Lakini hofu haina haja ya karantini ili isambaze ugonjwa wake. Bei ya pamba katika soko la dunia iliporomoka Machi na Aprili, majuma machache tu kabla ya mavuno. Vijana wa umri ambao baipola huanza kujionyesha, miaka ya mwisho ya ujana na mwanzoni mwa ishirini, walikaa nyumbani kwa zaidi ya miezi miwili, wengine zaidi ya mitatu, bila kengele ya kuwaamsha. Misiba ikapungukiwa na kukumbatiana. Watu wakaogopa hospitali.

Dunia nzima ilipita humo. WHO ilipozihoji nchi 130 katikati ya mwaka 2020, asilimia 93 zilisema huduma zao za afya ya akili zimeyumba au kusimama. Katika mwaka wa kwanza wa janga, sonona na wasiwasi viliongezeka kwa asilimia 25 duniani. Na tafiti za nchi mbalimbali zikaonyesha kuwa wenye maradhi makubwa ya akili walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa wakiambukizwa korona, kiasi kwamba Oktoba 2021 mamlaka za afya za Marekani ziliyaweka maradhi ya hisia katika orodha ya hali zinazomweka mtu hatarini.

Yalikuwapo na mambo madogo ambayo familia hazikuambiwa. Deksamethasoni, dawa iliyookoa wagonjwa mahututi wa korona kuanzia Juni 2020, ni ya kundi ambalo linaweza kuchochea mania. Mtu anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, akipata homa kali, akatapika au kuhara hadi kupungukiwa maji, kiwango cha dawa hiyo mwilini kinaweza kupanda hadi kuwa sumu. Vidonge vya maumivu vinavyouzwa kila duka la dawa, ibuprofeni na diklofenaki, vinaweza kuleta hatari hiyohiyo.

Wanaokesha na wanaolala

Kwa nini basi wengine walipita miaka ile bila kuanguka? Swali la ustahimilivu nalo limepelekwa maabara. Tafiti za mapacha zinakadiria kuwa takribani theluthi moja hadi nusu ya tofauti za watu katika kustahimili misukosuko hutokana na urithi. Sehemu inayobaki ni maisha yenyewe, na kwa mwenye baipola, kiungo cha kwanza cha maisha hayo ni usingizi.

Kukosa usingizi ni dalili ya mania, na pia ni kiberiti chake. Mtu aliyekesha msibani usiku mbili anaweza kuamka wa tatu akiwa ameshapanda. Mtaalamu wa Pittsburgh, Ellen Frank, alijenga juu ya ukweli huo tiba nzima ya ratiba: kulala, kuamka, kula na kukutana na watu kwa saa zilezile kila siku. Jaribio lililochapishwa mwaka 2005 lilionyesha kuwa waliofundishwa hivyo katika kipindi kikali cha ugonjwa walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kuanguka tena.

Vinasaba vimo humu pia. Watafiti wakiongozwa na David Samson waliwavisha Wahadzabe 33 vifaa vya mkononi vya kupima usingizi kwa siku 20, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Katika saa zaidi ya 220 za usiku, dakika ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wazee walilala na kuamka mapema, vijana walichelewa, na kambi ikawa na mlinzi bila mtu kupangiwa zamu. Saa ya mwilini hutofautiana kwa umri na kwa urithi, na katika kambi ya Eyasi tofauti hiyo ni faida ya wote. Kwa mwenye baipola saa hiyo ni nyepesi kuharibika, ndiyo maana anahitaji watu wa kumsaidia kuitunza.

Ratiba ya mkulima wa Simiyu ilimsaidia bila yeye kujua. Palizi haikuahirishwa kwa ajili ya korona. Jogoo waliwika, ng'ombe walitaka malisho, na mwezi wa Juni pamba ilisubiri kuchumwa. Wa kuangaliwa zaidi walikuwa mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani, dereva aliyekosa abiria na mfanyabiashara aliyefunga duka, kwa kuwa hao ndio waliobaki na simu mkononi hadi saa tisa usiku.

Barabara ya Bugando

Dawa ni kiungo cha pili. Mgonjwa wa kijijini huanzia zahanati, akapelekwa kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Bariadi. Hali ikizidi, ni safari ya Mwanza, Hospitali ya Bugando, inayohudumia kanda nzima tangu mwaka 1971. Mbali zaidi ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, ambayo jina lake limegeuka tusi shuleni. Njiani, mara nyingi kabla ya zahanati, kuna kituo kingine: kwa mganga, nfumu kwa Kisukuma, ambaye anaheshimika na husikiliza kwa muda mrefu kuliko muuguzi mwenye foleni ya watu hamsini.

Lithiamu, chumvi iliyogunduliwa faida yake na John Cade wa Australia mwaka 1949, bado ndiyo dawa iliyofanyiwa uchunguzi mwingi zaidi katika kuzuia baipola isirudi. Ila inataka damu ipimwe mara kwa mara, jambo gumu pasipo na maabara inayofaa. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa karbamazepini au valproeti, dawa zilezile za kifafa. Mwanamke anayeweza kushika mimba ana sababu ya kumuuliza daktari wake: mwaka 2023 WHO ilishauri wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa wasiandikiwe valproeti, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vilevile asiiache ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kiungo cha tatu ni mtu mwingine aliyepita njia hiyohiyo. Kenya, Sitawa Wafula alijitokeza hadharani kusema anaishi na kifafa na baipola, akaanzisha huduma ya msaada kwa ujumbe mfupi wa simu na kushinda tuzo ya Google Africa Connected mwaka 2014. Uganda, shirika la Heartsounds linaongozwa na watu waliowahi kulazwa wenyewe, na kwa ushirikiano na Butabika wamekuwa wakiwatembelea wagonjwa waliotoka wodini. Anayekuja kubisha hodi hajavaa koti jeupe. Anakaa kwenye kigoda, anakunywa uji, anauliza: usiku ulilala saa ngapi?

Swali hilo halihitaji Harvard wala basi la Mwanza. Katika nyumba nyingi za Bariadi kuna kalenda ukutani, iliyotolewa na duka la pembejeo au benki. Mama au mke anaweza kuandika chini ya kila tarehe saa alizolala mgonjwa: saba, saba, sita. Siku akiona nne, nne, tatu zikifuatana mwezi wa Juni, fedha za pamba zikiwa zimeingia jana, anajua wa kumpigia simu ni mjomba yuleyule aliyetumwa Maswa, aje na pikipiki wampeleke kliniki asubuhi hiyo.